Malalamiko Rasmi Kuhusu Nusu ya Mdomo Wangu Iliyobaki Kwenu

Kwa Daktari Mkuu,
Kliniki ya Meno,
Ghorofa ya pili, juu ya duka la vioo.

KUHUSU: MDOMO WA CHINI, UPANDE WA KUSHOTO, PAMOJA NA KIDEVU CHAKE

Daktari Mkuu,

Natanguliza heshima zangu, nikitumaini kwamba barua hii itakukuta u mzima na meno yako yote yakiwa mahali pake. Mimi ni yule fundi cherehani mrefu aliyekuja kwako kabla ya mvua kuanza, shavu limevimba upande mmoja. Wateja huniita Fundi Milimita. Wewe mwenyewe uliwahi kuniuliza, mkono wako ukiwa ndani ya kinywa changu, kama naweza kukupunguzia koti. Wakati ule sikuwa na namna ya kujibu. Jibu ni ndiyo, lete, lakini kwanza tumalize hili.

Sipendi ugomvi. Ninaandika badala ya kuja kwa sababu siku hizi nikiongea kwa muda mrefu natokwa na udenda bila kujua, na malalamiko ya mtu anayetokwa na udenda hayasikilizwi, hata yakiwa ya haki. Nimeyapanga kwa namba ili usipotee njiani.

1. Kuhusu jino lenyewe. Siku ya kwanza uliniambia kwamba gego langu linaweza kuokolewa. Ulinieleza kwa upole kuwa utalitoboa juu, utasafisha ndani hadi kwenye mizizi, utaliziba, nalo litaishi. Nilikubali mara moja, kwa maana hata mimi situpi suruali kwa sababu ya mfuko kutoboka. Ukachokonoa, ukasafisha, ukaziba. Maumivu yakazidi, yakashuka hadi kidevuni. Niliporudi ukapiga picha, ukaitazama kwenye mwanga, kisha ukaling'oa. Sasa naomba kuelimishwa: uliliokoa kutoka kwa nani? Kama lilikuwa la kuondoka, ungeniambia mapema kwamba unalisafisha kwa ajili ya safari, nami ningeliaga vizuri.

2. Kuhusu ganzi. Uliposhika sindano uliniahidi kwamba ganzi itaisha kabla ya jua kuzama. Nilikaa kwenye kiti changu dirishani nikaisubiri iishe. Shavu likaamka. Ulimi ukaamka, ukaanza kulitafuta jino. Upande wa kulia wa mdomo ukaamka na kudai chai. Upande wa kushoto haukuamka, na mpaka ninapoandika haujaamka.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Ganzi hii ni mgeni wenu, mliileta nyinyi, na majembe nimeipa ya kila aina: vidonge vya vitamini ulivyoniandikia, maji ya uvuguvugu, kukanda kwa vidole mbele ya kioo asubuhi na jioni. Haijalima hata tuta moja. Inakula kwangu, inalala kwangu, na haioneshi dalili ya kufunga mizigo.

3. Kuhusu hasira. Nilipokuja kuuliza, ulinichorea taya kwenye kipande cha karatasi ukanionesha mshipa wa fahamu unaopita chini ya mizizi ya magego. Ukasema, na maneno yako ninayo kama yalivyotoka: "Mshipa wako umekasirika kidogo. Tuupe muda."

Nilitoka nimeridhika. Nilipofika katikati ya ngazi ndipo nikaanza kufikiri. Umekasirika na nani? Mimi nimeishi na mshipa huo tangu nizaliwe bila hata kujua kwamba upo, na hatujawahi kukwaruzana. Aliyeingia na vyuma nyumbani kwake si mimi. Lakini ulivyokasirika umeninunia mimi, na wewe unaendelea kula karanga upande wowote unaoutaka. Halafu unasema tuupe muda. Daktari, muda peke yake haujawahi kumtoa mtu kwenye kununa. Hilo silisemi kwa kusoma, nalisema kwa kuishi kwenye nyumba yenye watu wawili.

Uliniambia pia kwamba nikianza kuhisi kama sisimizi wanatembea kidevuni, nifurahi, ndiyo dalili ya kupona. Sisimizi kwangu wapo tele, wapo kwenye kopo la sukari. Kidevuni walipita wachache jioni moja, wakachoma kama pilipili, wakaondoka bila kuaga.

4. Kuhusu kazi. Fundi nguo hushika pini kwa midomo. Hakuna aliyetufundisha, ni kwamba mikono yote miwili ina kitambaa, na mteja hasimami akatulia. Midomo yangu ilikuwa ikijua ina pini ngapi bila mimi kuulizwa. Leo nusu yake haijui chochote, na haina hata haya.

Mwenye nyumba alipokuja, nilimlalamikia kuhusu bomba linalovuja juu ya meza ya kukatia vitambaa. Kwa kawaida hunikata kauli kabla sijafika kwenye neno bomba. Siku hiyo alinisikiliza hadi mwisho, huku akirudi nyuma polepole, na fundi bomba akaletwa kesho yake. Baadaye nikajiona kwenye kioo cha wateja. Pini zilikuwa zimechomoza kwenye mdomo wangu zikimwelekea. Tangu hapo ananisalimia akiwa ng'ambo ya barabara. Hiyo ni heshima nisiyoistahili, na ninaiweka kwenye hesabu yenu.

Lililo kubwa zaidi lilitokea nilipokuwa nampima gauni mwalimu mkuu mstaafu, mama mmoja anayevaa vizuri na asiyesamehe. Pini moja ikakosekana. Pini ikipotea ndani ya nguo iliyo mwilini mwa mteja, hakuna fundi anayevuta pumzi. Nilipapasa kola, nikapapasa mikono ya gauni, nikapiga magoti nikafagia sakafu kwa viganja. Mwalimu alisimama na mikono yake hewani, akiniuliza kwa sauti ya darasani kama nina uhakika nilizihesabu. Mke wangu, ambaye hushona tundu za vifungo na mapindo katika chumba cha nyuma, akasikia zogo akatoka. Akanitazama, akaitazama sakafu, akanitazama tena. Kisha akanyoosha vidole viwili, akaichomoa pini mdomoni mwangu, akaichomeka kwenye mto wa pini, akarudi chumbani kwake. Mwalimu aligeukia ukutani kwa adabu.

Mke wangu hakuwa amenigusa uso kwa muda ambao sitauandika humu. Siku hiyo alinigusa mdomo, mchana kweupe, mbele ya mteja, na mimi sikuhisi kitu. Niliona tu vidole vikija na vikiondoka. Hilo liliniuma, Daktari, na ndilo jambo pekee lililoniuma upande huo wa uso.

5. Kuhusu chakula na mke wangu. Hapa inabidi nikueleze nyumba yetu ilivyokuwa, ili uone ukubwa wa hasara. Tangu binti yetu wa mwisho aolewe, mimi na mke wangu tulikuwa na utaratibu mzuri. Yeye alikula akimaliza vifungo vyake, mimi nilikula nikishafunika cherehani. Chakula kilinisubiri kikiwa kimefunikwa sahani. Hatukugombana, hatukuwa na la kugombania. Nyumba ilitulia kiasi kwamba wateja walishusha sauti wakiingia, wakidhani kuna mgonjwa ndani. Nilishona nguo nyingi sana wakati huo.

Jioni ya siku ile ya pini, alinikuta mlangoni nimevaa shati safi, namuaga mteja kwa maneno mazuri, punje ya maharage ikiwa imetulia kidevuni. Alisubiri mteja aende zake.

"Umekula," akaniuliza, "au umelisha kidevu?"

Tangu hapo amekata shauri kwamba nitakula mbele yake. Anakaa upande wa pili wa meza na sahani yake, jicho likiwa kidevuni kwangu. Kukiwa na kitu husema, "Kidevu," nami nafuta. Nikikosea mahali, ananyoosha mkono juu ya meza na kufuta mwenyewe kwa kidole gumba, bila kuacha kutafuna.

Mwanzoni lilikuwa neno hilo moja tu, na neno moja ningelivumilia. Lakini watu wawili hawawezi kukaa meza moja na neno moja. Akaanza na habari za wateja, nani amenenepa na anadai kwamba ni kitambaa kilichoruka baada ya kufuliwa. Akaingia kwenye habari za binti yetu, ambaye kumbe humpigia simu mara kwa mara na kumwambia mambo ambayo mimi baba mtu siambiwi. Nami nikajikuta najibu. Juzi nilimsimulia kuhusu mwenye nyumba na zile pini, akacheka mpaka akaweka kijiko chini na kushika mbavu. Sikuwa nimeisikia sauti hiyo siku nyingi, na nilisimulia tena kuanzia mwanzo.

Matokeo yake ni haya: chakula kinapoa, mlo unachukua muda wa kushona kaptula mbili, na sare za kwaya zinaning'inia hazina mikono. Kiongozi wa kwaya amekuja kuulizia akatukuta tumekaa mezani tunazungumza, sahani zimekauka. Na kila nikifutwa, ni yaleyale: naona mkono unakuja, naona mkono unaondoka, katikati sipati kitu.

Nimemuuliza mke wangu kama hachoki na kazi hii. "Ukipona tu," akaniambia, "kila mtu na sahani yake kama zamani." Nikamjibu kwamba hiyo ndiyo nafuu ninayoipigania, na nikaja kuandika barua hii siku hiyohiyo. Niliichana mara kadhaa, lakini nimeandika.

6. Kuhusu ninachotaka. Naomba kwa mpangilio, kuanzia jepesi.

Kwanza, uje mwenyewe nyumbani kwangu, umevaa koti lako jeupe, uuombe radhi mshipa wangu mbele ya mashahidi wawili wenye akili timamu. Nitafungua kinywa ili usilazimike kupaza sauti.

Hilo likishindikana, kliniki iajiri Mwangalizi wa Kidevu, mtu mzima mwenye macho mazuri, awepo nyumbani kwangu katika kila mlo, ili mke wangu apumzike. Sare yake nitashona mimi. Asiwe mcheshi. Asiwe na habari za watu. Aseme neno lake moja na kunyamaza, chakula kiliwe kikiwa moto.

Na kama mwangalizi hapatikani, basi muilaze nusu ya pili ya mdomo ili zilingane. Sijawahi kumkabidhi mteja shati lenye mkono mmoja mrefu na mwingine mfupi, na sioni kwa nini mimi nivae uso wa namna hiyo.

Hayo yote yakikataliwa, nitakuja kuwaachia nusu yenu hapo mapokezi. Mkae nayo, muifute, muipe chai kwa kijiko, mpaka siku itakapoamka. Mimi nitarudi nyumbani na nusu yangu. Namna ya kuzitenganisha ni suala la kitaalamu, na naliacha kwenu kwa kuwa vifaa mnavyo.

Naamini utalitazama jambo hili kwa busara. Nisalimie dada wa mapokezi, ambaye huita majina kwa sauti nzuri hata kama yanaitwa kwenye mateso. Mlinzi wa ngazini mwambie suruali yake iko tayari. Wagonjwa wote wa kwenye benchi nawasalimu, hasa yule bwana mwenye mwili mkubwa aliyekuwa akilia kabla hata hajaitwa; nilimcheka siku ile, na sasa naona alikuwa mtu mwenye kuona mbali.

Ni mimi, katika nusu ya tabasamu,

Fundi Milimita

Nyongeza: Barua hii ilikuwa tayari kwenye bahasha, nimeifungua tena. Leo mchana tulikuwa bado tumekaa mezani, vyombo vimeshaoshwa, tunakunywa maji. Mke wangu akasema, "Kidevu," akanyoosha mkono. Daktari, nilihisi. Nilihisi kidole gumba chake, ule ugumu wa ngozi pale sindano zinapomchoma, na ubaridi wa maji ya kuoshea vyombo. Kidogo niruke kitini. Na kidevu changu kilikuwa kikavu kabisa, hakina hata tone. Hilo nalo nililihisi. Yeye alikuwa ananitazama usoni, si kidevuni, na alichukua muda kuondoa mkono.

Kwa hiyo naomba madai yote ya hapo juu yafutwe, hasa lile la Mwangalizi. Wiki ijayo tutakuja wote wawili, maana anasema anataka kukusikia mwenyewe. Ukinichoma kidevuni na ile ncha ya chuma ukaniuliza kama nahisi, nitasema sihisi. Tafadhali andika hivyo, na umwambie mke wangu kwamba mambo ya mishipa ya fahamu yanaweza kuchukua miaka.