Kamera Ukutani Kwangu

Jumatatu, 4 Agosti

Afisa mtendaji kapita mtaani. Serikali inatafuta kuta za kufunga kamera za usalama. Hakuna aliyejitolea! Kinyozi wa ng'ambo ya barabara, yule tunayemwita Wembe, akajitia mwanasheria: nani atazitazama hizo picha, na zitakaa wapi? Mtendaji akajibu kwamba hilo ni siri, kwa usalama wetu. Nikapiga makofi. Nikautoa ukuta wa saluni yangu, bure. Kamera itamkodolea Wembe macho mlangoni, wateja wake watatimua mbio waje kwangu. Na waje haraka, maana mke wangu kasema kiti kikishinda kitupu wiki hii, nifunge nikauze misumari dukani kwa kaka yake. Misumari! Mimi!

Jumatano, 6 Agosti

Imefungwa. Inazungusha shingo huku na huku. Nimetoa hotuba: raia mwema hana cha kuficha. Wembe kacheka. Acha acheke.

Alhamisi, 7 Agosti

Wembe katoboa mlango wa nyuma! Wateja wake wanapitia uchochoroni. Mimi nyuma yangu ni choo cha mwenye nyumba.

Mwalimu mkuu kapiga simu. Huyu huja kwangu kupaka mvi rangi, maana mke wake mdogo anaamini mumewe ana miaka arobaini. Kauliza kama kamera inaona mlango wangu. Nikamjibu kwa fahari kwamba inaona kila anayeingia, na sura yake inahifadhiwa serikalini. Kakata simu.

Ijumaa, 8 Agosti

Hakuna mtu. Hao wanaokuja kupaka mvi rangi kwa siri ndio wanaoniweka mjini! Nimekwenda kwa mtendaji, nikaomba kwa adabu waiondoe. Kauliza ninaficha nini. Nikamwambia mvi za watu. Hakucheka. Wakanichukua alama za vidole, na picha ya uso, mbele na ubavuni.

Nikarudi, nikaifunika kwa taulo. Polisi wakafika kabla sijashuka kwenye ngazi! Nilipoibiwa mashine za kunyolea walikuja baada ya siku tatu. Nimeshinda kituoni. Mke wangu kaja kunitoa, njia nzima akinihesabia bei za misumari. Heri angetukana.

Jumatatu, 11 Agosti

Saluni basi tena. Inaniuma, tena sana. Wembe kakinunua kiti changu, na wa kwanza kukikalia ni mwalimu mkuu. Hana haya!

Nauza misumari. Shemeji ananituma kama mtoto, kisha anajificha na dada yake, yaani mke wangu, nyuma ya mabati kunisema.

Lakini leo bahati! Shemeji katoka, mtendaji kaingia. Serikali sasa inatafuta maduka ya kufunga vifaa vya kunasa sauti. Nikamwonyesha pa kufunga: pale pale kwenye mabati. Nitajua wanayoyasema! Kauliza kama mwenye duka atakubali. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, shemeji hana siri, hata mali anayouza bila risiti huniambia waziwazi. Mtendaji kaandika kila neno. Msikivu sana yule mtu.