Mtakatifu Nikola Hafutwi kwa Kalamu Nyekundu

Ruse, 8 Disemba

Kwa Mwalimu Plamen Radoykov,
Kozi ya Jioni ya Takwimu kwa Wafanyabiashara Wadogo

Mwalimu mheshimiwa,

YAH: KUNIFUTIA MTAKATIFU NIKOLA

Natumaini barua hii inakukuta mzima na umeshiba samaki. Mimi Zdravka, muuza samaki, mwanafunzi wako wa safu ya mbele, si mzima na sikuonja hata mkia. Nakuandikia kwa heshima zote, ingawa mume wangu Tsvetan alinishauri nije mwenyewe na mwiko.

Duka ninaloliendesha ni la mama mkwe, Bi. Nikolina, anayeishi ghorofa ya juu yake. Jumapili hii ataamua kama funguo zibaki kwangu au ziende kwa shemeji yangu Kiril, mtu asiyeweza kutofautisha samaki na soli ya kiatu. Haya yote yametokana na masomo yako. Malalamiko yangu ni haya:

1. Mwezi wa Agosti ulituagiza tuwaulize wateja kumi wanapenda nini. Niliuliza. Wote kumi, wamevaa kaptula, walisema dagaa wa kukaanga na bia baridi. Ukaandika ubaoni kwamba sharani, samaki wetu wa Danubi, hana soko. Mwalimu, Agosti hapa hata padri anataka dagaa na bia!

2. Ukatufundisha wastani. Tukajumlisha sharani wote niliouza mwaka mzima, tukagawanya kwa siku, wakatoka watatu kwa siku. Nikakwambia kwa adabu kwamba sijawahi kuuza watatu. Siku za kawaida nauza mmoja, na tarehe 6 Disemba, Sikukuu ya Mtakatifu Nikola, ambapo kila nyumba lazima ile sharani na kila mwenye jina la mtakatifu husherehekea, nauza mia saba. Ukaruka kwa furaha, ukashika kalamu nyekundu: "Ahaa, Zdravka, kumbe huyu ndiye anayetuharibia hesabu! Namba iliyojitenga na wenzake tunaitupa." Ukaifuta tarehe sita. Wastani ukawa mmoja, darasa likapiga makofi, na mimi nikapiga pia, Mungu anisamehe.

3. Nikaagiza sharani mmoja.

4. Asubuhi ya tarehe sita foleni ilifika mpaka kanisani. Ulikuwa umekokotoa kwamba uwezekano wa mteja kuitwa Nikola ni mmoja kati ya ishirini. Sawa, sibishi. Lakini wale kumi na tisa waliobaki kila mmoja ana Nikola wake nyumbani: mume, mjomba, au mama mkwe. Na kila Nikola siku hiyo hupokea wageni ambao hakuwaalika, na kila mgeni hutupia jicho meza. Bibi mmoja alichungulia tangi langu akaniuliza, "Mwanangu, huyu ni wa kuuza au wa kufuga?" Nilitamani ardhi ipasuke.

5. Huyo mmoja alinunuliwa na Kiril. Alikuwa wa kwanza kwenye foleni, na alikuwa anatabasamu.

6. Jioni, kwa Bi. Nikolina, mwenye sikukuu, wageni walijaa mpaka kwenye ngazi. Kiril aliingia na sharani aliyejazwa wali na kokwa za jozi, kambeba kama bibi harusi. Mimi niliingia na sadini za kopo. Mama mkwe alizitazama, akasema mbele ya kadamnasi: "Mkwe wangu muuza samaki, hii ni sikukuu yangu au vita vimeanza?" Watu walicheka mpaka pombe ya rakia ikamwagika. Nilikwenda kulia chooni, na sioni aibu kuliandika hilo. Miaka yote hii nimenuka samaki kwa ajili ya lile duka.

Kwa hiyo naomba, kwanza, umrudishe Mtakatifu Nikola ubaoni kwa wino usiofutika. Ikishindikana, serikali iwagawe akina Nikola wote nchini washerehekee kwa zamu, wachache kila siku, ili wastani wako upate raha. Takwimu zipigwe marufuku mahali popote penye samaki. Na Jumapili saa sita mchana uje kwa Bi. Nikolina umweleze kwa mdomo wako mwenyewe kwamba kosa ni lako.

Nisalimie mkeo, watoto, na wanafunzi wenzangu wote, hasa yule muuza maua uliyemfutia Sikukuu ya Wanawake ya tarehe 8 Machi. Mwambie aanze kusali.

Wako mwenye hasira na adabu kwa pamoja,
Zdravka

Nyongeza: Ulisema pia kwamba takwimu mpya ndizo za kuaminiwa. Basi jana, kwa kuwa juzi nilikosa sharani mia saba, niliagiza mia saba. Gari limewashusha leo asubuhi, wazima wote. Tangi limejaa, mapipa yamejaa, na hodhi la kuogea la mama mkwe limejaa. Tangu asubuhi nimeuza mmoja. Mmoja kwa siku, kama ulivyosema! Hesabu yako ilikuwa sahihi kabisa, na yote niliyoandika hapo juu nayafuta kwa kalamu nyekundu. Sasa hivi namsikia Bi. Nikolina akiingia bafuni. Jumapili njoo vilevile, ila njoo na ndoo.