Mwenye Bandari ya Eliye

Mungu alimnyima Elijah Mutua mtaji, kisha akamwonea huruma, akamfidia kwa ulimi. Hata Lodwar, ambako jua humkausha mtu mate, ulimi huo haukukauka. Basi asubuhi moja ya mwaka sabini na nne alimwona Kipkemboi, mfanyabiashara mnono wa Kitale, akijipepea kwa kofia kando ya Land Rover iliyojaa unga, blanketi na tumbaku. Mutua akamshukuru Mungu, akamwendea.

"Mzee, unahangaika na vumbi na bandari iko karibu?"

"Bandari gani?"

"Eliye, ziwani. Msitu wa mvua mpaka majini, ufuko, chemchemi. Wazungu watakuja kwa ndege. Mahali pa kujenga hoteli ni pangu. Wenyeji walinifanya mtoto wao."

Tamaa mbele, mauti nyuma, lakini nani hukumbuka methali akishaiona hoteli? Kipkemboi akawasha gari.

Msitu ulikuwa mikoma michache, miti jamaa ya mnazi, kando ya chemchemi. Bandari ilikuwa magogo matatu yaliyofungwa kwa kamba.

"Msitu wa mvua ndio huu?"

"Ndio wenyewe. Mvua imeenda likizo."

Kipkemboi akakunja uso. "Na hao wazazi wako?"

Mutua akamwona mwanamke mzee akianika samaki. Hakuwa amepata kumtia machoni tangu azaliwe. "Ejok, mama! Mtoto wako nimerudi!"

Mama huyo, Nakuleu, alimtazama Mutua, akalitazama gari, akalitazama tena gari.

"Ejok, mtoto yangu!" Akamkumbatia, akamwachia magamba shatini.

Kipkemboi akaridhika. Wakapeana mikono: ufuko wake Kipkemboi, shehena yote yake Mutua, ambayo Kipkemboi angemfikishia Kakuma, kwa wanunuzi wasiouliza maswali.

"Mtoto amekuja na chakula!" Nakuleu akaita, na mikoma ikatapika ndugu.

"Mimi ni mjomba," alisema mzee mmoja, Longor, gunia tayari begani. "Nipe na blanketi."

Mutua akafungua mdomo awakane, akakutana na macho ya Kipkemboi. Kama hawa si ndugu zake, ufuko si wake. Akacheka meno nje, roho ikilia. Unga ukaenda, blanketi zikaenda, tumbaku ikaenda.

"Na viatu?" Longor akauliza.

"Chukua, mjomba."

Gari lilipobaki tupu, Nakuleu akamgeukia Kipkemboi. "Wewe umenunua kwa mtoto yetu. Basi na wewe ni mtoto. Hii gari sasa ni yetu, ataendesha nani?"

"Mimi? Huyu hata simjui!" Kipkemboi akarukia usukani, akatokomea na vumbi lake.

Mutua akaketi mchangani, karibu kulia. "Mama, ulijua mimi si wako."

"Mimi nimezaa saba, najua sura yao. Lakini wewe ndiye uliniita mama, na sisi tulikuwa na njaa." Akamwekea samaki mkavu mkononi. "Kula. Ukimaliza, nyavu iko pale. Mtoto yangu hakai bure."

Mutua aliutazama mchanga wa moto mpaka upeo wa macho, akazitazama nyayo zake tupu, akala. Ulimi wake ulikuwa umepata kazi ya halali kwa mara ya kwanza.