Nani Ameichezea Kadi Yangu ya Picha?

Jumatano, 6 Machi

Skrini imeanza kutoa mistari ya kijani. Kisha nyeusi tii. Kisha ikarudi, kama hakuna kilichotokea. Sijaigusa! Waya zote ziko imara. Kompyuta haiharibiki yenyewe. Ina mtu wake.

Mtu huyo namjua: shemeji, kaka wa mke wangu. Amefikia kwetu tangu Jumapili, na juzi alikaa kwenye kiti changu dakika kumi. Nilipomuuliza anafanya nini, akasema anaangalia basi la kurudi kwake. Basi, dakika kumi! Machale yakanicheza palepale.

Na wakati wenyewe ndio huu. Jumapili mama mkwe anatimiza miaka sabini, na mimi ndiye niliyesimama mbele ya ukoo mzima nikatangaza kwamba nitatengeneza filamu ya picha zake za zamani. Shemeji alijitolea kusaidia. Nikamwambia asijisumbue. Mke wangu ameshasema wazi: filamu isipokuwa tayari, kompyuta inakwenda kwa kaka yake, na itabaki hukohuko. Kikulacho ki nguoni mwako.

Alhamisi, 7 Machi

Nimempigia fundi wa kompyuta. Akasema hiyo ni draiva, programu inayoiwezesha kadi ya picha, kile kifaa cha ndani kinachopeleka picha kwenye skrini, kuelewana na kompyuta. Niiondoe, halafu nipakue nyingine kwenye tovuti ya waliotengeneza kadi yenyewe, si kwingine. Hakutaka hata malipo. Mtu akupe siri ya kazi yake bure, kwa nini? Nimekumbuka Jumanne nilimwona akisalimiana na shemeji dukani. Walicheka!

Basi nimefanya kinyume. Draiva nimeiondoa, lakini nyingine nimejitafutia mwenyewe, kwenye tovuti yenye kitufe kikubwa chekundu kinachoahidi kutibu draiva zote kwa mpigo. Nimebonyeza. Sasa maandishi yamekuwa makubwa kama ya bango la barabarani, na kila dakika tano anatokea mwanamke kwenye skrini kuniuliza kama nataka kupunguza tumbo. Nani amempa habari za tumbo langu?

Ijumaa, 8 Machi

Mtego! Nimenyunyiza poda ya mtoto kwenye kibodi na juu ya kasha la kompyuta, alama za vidole zionekane. Kisha nikajibanza chooni, mlango nusu wazi. Saa nzima. Shemeji alipita mara mbili, hakugusa kitu. Mjanja sana huyo. Mara ya tatu akagonga, akauliza kwa upole kama nimeharisha.

Niliporudi, feni ya kadi ilikuwa imeinyonya poda yote. Sasa inakoroma. Nikaifunika kompyuta kwa blanketi na kuifungia kwenye kabati la nguo ikiwa inawaka, waya nikazipitisha chini ya mlango, ili shemeji asiisogelee. Nusu saa haikuisha, ikazimika. Kufungua: moto kama pasi! Magauni ya mke wangu yananuka plastiki. Mwenyewe akasema mficha maradhi kifo humuumbua. Nikamwambia hapa hakuna maradhi, kuna hujuma.

Jumamosi, 9 Machi

Skrini haiwaki kabisa. Filamu haijaanza. Nilikaa sakafuni na bahasha ya picha za marehemu baba mkwe mapajani, na nakiri hapa, kwa kuwa hakuna atakayesoma: niliona aibu, machozi yakanilenga. Mke wangu akanituma nikachukue keki. Foleni ndefu. Nimerudi saa nane.

Kompyuta inawaka! Mistari hakuna, mwanamke wa tumbo hayupo. Shemeji ameshika brashi, poda imemfika hadi kwenye nyusi. Akaeleza kwamba ameirudishia kadi draiva yake ya zamani, kwa sababu ile mpya haipatani nayo, akaniomba nisiiruhusu kujisasisha tena. Kisha akanipisha kwenye kiti ili nitengeneze filamu yangu mwenyewe.

Jumapili, 10 Machi

Filamu imefana! Mama mkwe alipomwona marehemu mumewe akiwa kijana, amekalia baiskeli na tai shingoni, alilia, akacheka, akaomba irudiwe. Tukairudia mara nne. Shemeji akasimama na kuwaambia watu wote kwamba kazi ile ni yangu mimi. Makofi! Mke wangu akanishika mkono, akasema kompyuta haiendi kokote. Niliwapenda wote waliokuwamo, hata shemeji, kwa dakika kama tano hivi.

Halafu nikajiuliza: nani huujua ugonjwa haraka namna ile, kama si aliyeuleta? Na mtu anayekusifu mbele za watu bila kulipwa, anataka nini?

Jumatatu, 11 Machi

Shemeji ameondoka na basi la asubuhi. Mlangoni amenikumbusha kwamba draiva isiguswe. Na kwenye ngazi. Na akiwa ameshapita geti, akageuka akarudia! Mtu akikukataza jambo mara tatu, kuna anachokificha. Akili ni nywele, kila mtu ana zake, na mimi zangu bado zipo.

Saa nane mchana kompyuta imeleta ujumbe: draiva mpya iko tayari, je, naikubali? Nimekubali hapohapo, kabla mke wangu hajatoka jikoni.

Mistari ya kijani. Kisha nyeusi tii.

Mtu huyu ni hatari jamani! Yuko ndani ya basi, saa sita za safari kutoka hapa, na bado ameweza.