Madai ya Kurudishiwa Mama Kabla ya Krismasi

Kwa Katibu,
Chama cha Wenye Nyumba za Wageni,
Mtaa wa Nyuma ya Kanisa, Fort Kochi.

Ndugu Katibu,

Natumaini mguu wako umepona na umeanza kupanda ngazi. Mimi ni Leslie Pinheiro, mwenye nyumba iitwayo Kwa Ammachi, ile yenye kibao cha buluu. Ammachi, yaani bibi, ni mama yangu mzazi, Bi Philomina, na sura iliyo kwenye kibao ni yake. Nakuandikia kwa heshima zote na kwa hasira zote, maana mama huyo sasa anakaa nyumba ya ng'ambo ya barabara, kwa Bi Beena Kurian, na wageni wamemfuata hukohuko. Malalamiko yangu ni haya:

1. Mgeni anayetafuta pa kulala hapa mjini ana nyumba tele za kuchagua. Vitanda ni vilevile, feni ni zilezile, na mbu ni walewale. Kinachomvuta ni bibi. Sasa wanashuka na mabegi yao, wanatazama kibao, wanatazama veranda yangu, kisha wanauliza, "Bibi mwenyewe yuko wapi?" Nami, kwa kuwa nimelelewa vizuri, nawaonyesha kwa kidole upande wa pili wa barabara. Hawarudi.

2. Mama aliondoka mchana kweupe, kabeba mto wake na picha ya Mtakatifu Antoni. Sababu yake ni ndogo mno. Chumba chake, kile chenye dirisha la barabarani, nilikipaka rangi nikakiita Chumba cha Bibi. Wageni wakakigombea. Basi mama nikamhamishia nyuma, karibu na mitungi ya gesi. Ni chumba kizuri tu. Kweli hakina dirisha, lakini mtu wa miaka themanini na mmoja anataka kuona nini?

3. Nilimwekea sharti moja, asiwahoji wageni. Unamjua mama. Mgeni hajavua viatu, keshaulizwa: "Umeolewa? Bado? Unangoja nini, mwanangu? Na mama yako anajua uko huku?" Binti mmoja Mjerumani alilia mezani kwangu, appam yake, mkate wetu wa mchele, ikapoa. Mwaka huu binti huyohuyo amerudi na mchumba ili mama amkague, na amefikia wapi? Kwa Beena.

4. Nilijaribu kujisaidia. Nilimwomba shangazi wa mke wangu, Bi Treesa, akae verandani na nguo nyeupe kama za mama. Alikubali, akakaa, akatazama tamthilia kwenye simu mchana kutwa. Mgeni alipomwomba chakula akamjibu, "Hoteli iko pale konani, mwanangu, wanapika vizuri."

5. Mke wangu, Sheeba, kila asubuhi anavuka barabara kwenda "kumjulia hali mama", na anarudi ananukia mchuzi wa bata. Paka naye kahama, bila hata kusingizia ugonjwa. Jioni nakaa verandani nawasikia wakicheka kule, na nyumba yangu imekuwa kimya hadi nasikia friji ikinguruma. Roho inaniuma, Katibu, nakwambia bila kuficha.

6. Nilimwendea Beena kistaarabu. Alikuwa anakuna nazi, wala hakuacha. Akasema, "Leslie, mimi sijamchukua mama yako. Alikuja kuuliza kama nina chumba chenye dirisha, nikampa. Mgeni huchagua, si ndivyo unavyotuambia kila siku kikaoni?" Kumwita mama yangu mgeni ni tusi, na naomba liandikwe hivyo.

Kwa hiyo nakisihi chama kipitishe haraka kwamba kila bibi asajiliwe kwenye nyumba yake, pamoja na feni na magodoro. Kwamba bibi asiruhusiwe kuhama msimu wa wageni. Kwamba anayemweka bibi wa mwenzake ashushiwe kibao. Na kwamba Bi Philomina arudishwe kabla ya Krismasi akiwa na mto, mapishi yake yote, na paka.

Nisalimie mkeo, wanao, mkweo, Padri ukimwona, na wote wenye bahati ya kuwa na mama zao ndani.

Ni mimi niliyeporwa,
Leslie Pinheiro

Nyongeza: Kabla sijaituma, nilivuka kumsomea mama barua hii, maana inamhusu. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema umri nimekosea, ana themanini na miwili. Kisha akauliza kama nimekula. Nilikuwa sijala, nimekula. Nikamwomba Beena chumba cha Krismasi, mimi na Sheeba, akasema vyote vimejaa. Mama akasema tutalala sakafuni kwake, ila kila mtu aje na mto wake.

Lile swali langu la kipengele cha pili limejibiwa. Nilikaa kitandani kwake, na dirisha lile linatazama veranda yangu moja kwa moja, pamoja na kiti changu. Mama anajua ni jioni zipi sikuwasha taa. Kwa hiyo, Katibu, tafadhali barua hii usiisome kikaoni. Suala la paka tu ndilo libaki.