Kompyuta Imeniuliza Kama Mimi ni Mwenyeji

Jamani, leo nimeaibika mpaka masikio yamewaka moto. Naandika polepole, mnivumilie.

Mnajua nafanya kazi hapa Tunduma, kwenye ofisi inayoandaa nyaraka za malori yanayovuka kwenda Zambia. Ofisini wananiita Kamsamba kwa sababu ndiko nilikozaliwa. Bosi ananituma kila kitu: maji, vocha, kuosha gari. Juzi nimempelekea kuku shemeji yake. Siwezi kukataa. (Nikijaribu kusema hapana, mdomo unatoa "sawa bosi".)

Jana bosi akaleta kompyuta kubwa kutoka Dar. Anataka nyaraka zote zikae humo, na kompyuta zetu tatu, yake, ya dada Salome na yangu, ziwe zinachukua humo. Maana sasa hivi tunakimbizana na flashi. Akaniambia:

"Tafuta programu ya kuziunganisha. Ikikubali, kompyuta zote unazishika wewe na sikutumi tena. Ikigoma, kesho unaanza kufagia banda la nguruwe wangu."

Sikulala vizuri.

Asubuhi nilikuwa na programu tatu za kuchagua. Ya kwanza ilitaka kulipiwa. Bosi hata hakuinua macho. Ya pili ilikuwa Kiingereza kitupu. Mimi nimeishia darasa la saba. Nimesoma ukurasa wa kwanza kwa kamusi mpaka chai ikapoa, halafu ikanifungulia ukurasa wa pili! Ya tatu ilikuwa ya Kiswahili. Nilitaka kuikumbatia. Nikachukua hiyo.

Nikaanza na kompyuta yangu. Ikauliza: "Wewe ni mwenyeji au mgeni?"

Hapo nikakwama. Mimi ni mtu wa Kamsamba, kila mtu anajua. Sikutaka kuidanganya mashine siku ya kwanza. Nikamnong'oneza Salome:

"Dada, hivi mimi hapa ni mwenyeji?"

"Umepanga chumba, fundi viatu anakukopesha, na simu umeshaibiwa. Wewe ni mwenyeji."

Nikabonyeza Mwenyeji. Ikauliza tena: "Mwenyeji, ungependa wageni waone mafaili yako yote?" Nikaona haya ni mambo ya ukarimu. Mwenyeji gani anaficha vitu? Ndiyo!

Nikaenda kwenye ile kubwa. Ikaandika: "Mwenyeji ameshapatikana. Karibu, mgeni." Sawa, imetoka Dar. Kwa Salome hivyo hivyo. Kwa bosi nako: mgeni! Bosi amezaliwa Tunduma, na babu yake kazikwa hapa hapa. Jasho likanitoka. Nikaufunga ule ujumbe haraka kabla hajauona.

(Nimekuja kuelewa baadaye. Mwenyeji ni ile kompyuta inayotunza mafaili, nyingine zinakuja kuchukua kwake. Ilitakiwa iwe ile kubwa. Hakuna aliyeniuliza nimezaliwa wapi.)

Mchana ofisi ikajaa madereva wanaosubiri nyaraka. Bosi akaunganisha kompyuta yake na TV ya ukutani ili wote waone. "Leo ndiyo mtajua hii ni ofisi," akawaambia. Akanitazama. Mapigo ya moyo nilikuwa nayasikia kwenye meno.

Akabonyeza. Mafaili yakajipanga kwenye TV.

Siyo ya malori. Ya kwangu.

Sasa niwaambie kitu. Ili nijifunze kukataa, huwa najirekodi. Naigiza sauti ya bosi, halafu najijibu mwenyewe. Kwa hiyo ukutani pakasomeka: "Kumkatalia bosi." "Kumkatalia bosi kwa upole." "Kumkatalia bosi kwa hasira."

Nikaangalia mlango, dereva mnene alikuwa ameuegemea.

Bosi akachagua ya hasira.

Ikatoka sauti ya puani, bosi mtupu: "We Kamsamba, njoo uoshe gari!" Halafu ikaja yangu: "Gari ni lako na mikono unayo! Osha mwenyewe!"

Mungu wangu! Ofisi ililipuka. Salome alilalia meza. Dereva mmoja Mzambia akafuta machozi: "Bosi, mukwai, tafadhali, turudishie hiyo!" Na bosi akairudia!

Kisha akanigeukia taratibu.

"Mimi naongea kwa pua?"

"Hapana bosi."

"Kumbe hapana unaijua! Haya, nikatalie sasa hivi, mbele ya watu. Kamsamba..."

"Sawa bosi."

"Sijakutuma bado!"

Hapo hata yeye alishindwa kujizuia, akacheka mpaka akatafuta kiti. Akasema, "Kompyuta zimeungana, hilo siwezi kubisha. Zishike. Ila kukutuma nitaacha siku utakayonikatalia kwa mdomo wako, siyo kwa spika."

Basi, sasa nina cheo. Na banda la nguruwe pia, maana alinituma papo hapo nikasema "sawa bosi".

Naombeni msicheke. Zile rekodi bado ziko nyingi, na wengine humu nimewakatalia kwa majina.