Kufuli la Baba Mkwe

Jumatatu, 17 Juni

Mwaka wa tatu sasa! Nimepita maktaba kurudisha kitabu cha mke wangu Helvi, na kabati la vioo pale mlangoni bado lina kufuli la Veijo Räsänen, na kadi yenye jina lake kwa herufi za kukolea. Mtu aliyeuza viatu maisha yake yote! Mimi nimefanya kazi posta miaka thelathini na nne, na kadi sina.

Mashindano ya chama chetu cha wapenda makufuli ni Alhamisi ya wiki ijayo. Sheria zinajulikana. Unafumua kufuli la zamani mbele ya wenzako, unapanga vipande juu ya kitambaa cheupe, unaliunda upya, na lazima lifunge na kufunguka kwa ufunguo wake. Bila mkwaruzo hata mmoja. La mshindi linakaa kabatini mwaka mzima, na jina lake. Mwaka huu ni mimi. Nimeshaamua.

Jumanne, 18 Juni

Makufuli yangu yote ni ya juzijuzi tu. Lakini lipo moja! Linaning'inia kwenye mlango wa sauna, chumba cha kuogea mvuke, katika nyumba yetu ya ziwani. Chuma kitupu, la mwaka 1951. Marehemu baba mkwe alikuwa akilitumia kufungia ghala la reli. Ndani lina visahani kumi na kimoja vya kuzungushwa na ufunguo, kila kimoja kimekatwa kivyake.

Helvi hana kumbukumbu nyingine ya baba yake ila hilo na kofia. Kwa hiyo sijamwambia. Ya nini kumtia wasiwasi? Nimeaga kwamba nakwenda kukata nyasi, nimerudi nalo mfukoni. Ijumaa ni mkesha wa Juhannus, sikukuu yetu ya kiangazi, ukoo mzima unakuja kuoga sauna. Litakuwa limesharudi mlangoni.

Jumatano, 19 Juni

Helvi kaenda kwaya. Kazi imeanza. Skrubu imefichwa ndani ya tundu la upindo, ule mkono wa kufuli unaojibana, huioni mpaka kufuli liwe wazi. Aliyelibuni hakuwa mjinga. Meno ya jiliwa la kubania nimeyavika glavu zangu za ngozi. Mkwaruzo hakuna! Visahani vyote nje. Nikaviandika namba, moja hadi kumi na moja, maana vikichanganyika mpangilio umekwisha.

Lakini uchafu! Grisi ya miaka sabini. Nitawaonyesha waamuzi tope? Nikaviloweka kwenye spiriti. Vikatoka vinang'aa, raha tupu.

Namba nazo zimetoka.

Kalamu imeandikwa ubavuni "wino wa kudumu". Kudumu! Nimekiandikia kiwanda barua ya kurasa mbili.

Alhamisi, 20 Juni

Helvi kauliza harufu ya nini. Nimesema ni dawa ya mgongo.

Halafu Veijo kapiga simu, eti anataka kujua nitaleta nini mashindanoni. Kaniambia nikikwama nisione haya kumwita. Nikwame! Mimi! Akaanza kuniambia watu wengi husahau kwamba ufunguo... Nikakata simu. Sihitaji kufundishwa na muuza viatu.

Nimevipanga visahani kwa hisia. Fundi wa kweli ana hisia. Nikaendesha mpaka ziwani, nikalitundika, nikalibana. Kach! Mlio safi kabisa. Kulijaribu kwanza ni kazi ya wenye mashaka.

Ijumaa, 21 Juni

Aibu! Wala si yangu.

Watu tisa wamesimama na taulo begani, matawi ya kujichapia ndani ya mvuke mkononi, na ufunguo hauzunguki. Nikawaeleza kwamba chuma huvimba wakati wa joto. Mama mkwe, Aune, miaka themanini na minne, akaniuliza, "Mkwe, nimepanda treni kutoka Pieksämäki nije nitazame mlango?"

Shemeji akaja na mkasi wa kukatia chuma. Helvi akasimama mlangoni, mikono kaitandaza. Akasema wataanza kukata mkono wake, kufuli hilo ni la baba. Kisha akaliinamia. Akanusa.

"Ilmari, mbona kufuli la baba linanuka mgongo wako?"

Akampigia Veijo. Mkesha wa Juhannus! Mtu mwenye staha angesema ana wageni. Huyu alifika kwa baiskeli baada ya robo saa, na kijimkoba chake. Chama chetu kina mwiko: huligusi kufuli mpaka mwenyewe akuruhusu. Basi akaomba ruhusa. Kwa Helvi, si kwangu. Tena kavua kofia! Ilikuwa lazima avue kofia?

Akakaa kizingitini dakika arobaini na tatu na vyuma vyake vyembamba. Likafunguka, mkwaruzo hakuna. Akamwaga visahani juu ya taulo langu, akashika ufunguo, akavipanga kimoja kimoja, kila mkato wa ufunguo na kisahani chake. Kumbe ufunguo wenyewe ndio ramani.

"Si ndiyo niliyokuwa nakwambia jana, bwana, ukanikatia?"

Wakacheka wote. Aune akampa Veijo heshima ya kumwaga maji ya kwanza kwenye mawe ya moto. Mimi nilibeba kuni.

Alhamisi, 27 Juni

Helvi kampa Veijo kufuli aende nalo mashindanoni. Kwa hiari yake! Bila shaka kashinda. Kadi ina jina la Veijo na chini yake jina la baba mkwe. Nikamwomba mwenyekiti aongeze "limesafishwa na I. Tossavainen". Kakataa, kaendelea kutafuna mkate wake wa iliki.

Helvi alipoliona jina la baba yake nyuma ya kioo alilia. Nilitaka sana machozi yale yawe ya kazi ya mikono yangu. Inauma, sisemi uongo. Alinishika mkono, halafu akaniomba nisiguse tena kufuli lolote lililo lake.

Jumamosi, 29 Juni

Nimetafakari kwa utulivu na kosa nimelipata: watu. Kazi ya akili haifanywi mbele ya ukoo mzima. Leo Helvi yuko kwaya hadi saa sita mchana, na kitasa cha mlango wetu wa mbele nacho ni cha visahani, tena cha zamani. Na nusu ya nyumba ni yangu.

Naandika haya nikiwa nje, kwenye ngazi. Upepo umeusukuma mlango ukajibana. Visahani ninavyo kwenye soksi yangu. Ufunguo uko ndani, juu ya meza ya jikoni.

Veijo amepita na mbwa wake, akasimama, akauliza kama kuna tatizo. Nikamwambia hakuna, naota jua tu. Akasema mvua inanyesha, Ilmari. Nikamwambia aende zake, nakaribia kumaliza.